Kisanduku Cheusi cha Familia za Ufaransa

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa Juni, mji mdogo wa Bièvres, ulio kusini-magharibi ya jiji la Paris, hugeuka gulio la kamera. Gulio hilo lilianza mwaka 1964, na mpaka leo huwavuta wapenzi wa kamera kuukuu kutoka pande zote za Ufaransa na nchi jirani. Katika magulio ya namna hii, kamera za thamani hupangwa juu ya meza, zikiwa zimesuguliwa zikang'aa. Za bei ya chini aghalabu hurundikwa ndani ya maboksi, na anayezitaka sharti ainame achague mwenyewe.

Makala yetu ya leo inazihusu hizo za ndani ya boksi. Nyingi ni nyeusi, nyepesi, hazina saa wala vipimo, na lenzi yake ni kipande kidogo cha kioo kisicho na sifa kubwa. Mtaalamu wa picha hakuzitaka zilipokuwa mpya, na mfanyabiashara wa vitu vya kale hana haja nazo zilipozeeka. Hata hivyo, kwa takriban miaka thelathini ndizo zilizoshika sura za watu wa kawaida wa Ufaransa: mfanyakazi wa kiwanda, mkulima, karani, mama na watoto wake. Lau si visanduku hivi, wengi wao wasingeacha picha nyingine isipokuwa ile ya arusi na ile ya kitambulisho.

Kwa hiyo anayezikusanya anashika kitu kizito kuliko uzito wake. Swali tunalopenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu ni hili: mtu akikusanya vyombo vya kumbukumbu, je, inatosha kuhifadhi chombo peke yake?

Likizo yenye malipo

Ufaransa ina haki ya kuitwa nyumbani kwa picha. Nicéphore Niépce alinasa picha kutoka dirishani kwake, katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes, mwaka 1826 au 1827. Mwaka 1839 serikali ya nchi hiyo ilitangaza hadharani njia ya Louis Daguerre ili kila mtu aitumie. Lakini kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo kamera ilibaki kuwa chombo cha fundi wa studio na cha mwenye nafasi. Mfanyakazi alipigwa picha na wengine. Yeye hakupiga.

Mlango mmoja ulifunguka mwaka 1936. Mwezi Juni wa mwaka huo, chini ya serikali ya Léon Blum, ilipitishwa sheria ya kuwapa wafanyakazi wote likizo ya wiki mbili yenye malipo. Tiketi za treni za likizo zikatolewa kwa punguzo la asilimia 40. Watu waliozaliwa na kukulia katika vitongoji vya viwanda wakaiona bahari kwa mara ya kwanza, wakiwa pamoja na wake na watoto wao. Jambo la namna hiyo halipiti hivi hivi. Mtu hutaka kurudi nyumbani na ushahidi wake.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha mengi. Ilipokwisha, mwaka 1945, nchi ilikuwa imechakaa na fedha za kigeni zilikuwa haba. Serikali ikazuia bidhaa za nje kwa ushuru mkubwa na kwa masharti ya uagizaji. Kamera nzuri za Ujerumani zikawa adimu na ghali. Viwanda vya ndani vikapata soko lisilo na mshindani mkubwa: taifa zima lililotoka katika dhiki, lenye watoto wengi waliozaliwa baada ya vita, na lililotaka kuyaweka maisha yake mapya katika albamu. Mwaka 1956 wiki ya tatu ya likizo ikaongezwa. Hiyo ndiyo miaka ya neema ya kamera tunazozizungumzia.

Mtu mmoja, vitu viwili

Kamera ya bei nafuu ilihitaji bodi ya bei nafuu, na hapa inafaa tumtaje Leo Baekeland. Mkemia huyu alizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1863, kisha akahamia Marekani. Kwanza alitengeneza karatasi ya picha iliyoitwa Velox, ambayo ilimwezesha mtu kutoa picha kwa mwanga wa taa badala ya kungoja jua. Mwaka 1899 alimuuzia haki zake George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak. Fedha alizozipata zilimpa uhuru wa kuendelea na majaribio, na mwaka 1907 akapata kitu kigumu, kisichopitisha umeme wala kuyeyuka, ambacho tunakijua kwa jina la bakelaiti.

Bakelaiti hufanyika kwa kuchanganya utomvu wa kemikali na unga wa mbao, kisha mchanganyiko huo hubanwa ndani ya kalibu ya chuma yenye moto. Ukishaganda, haurudi tena kuwa laini. Kalibu ni ghali, lakini ikishapatikana hutoa bodi baada ya bodi kwa haraka, wala haimhitaji seremala wala fundi wa ngozi. Kwa hiyo mtu yule yule alichangia karatasi ya kutolea picha za familia na bodi ya kamera iliyozipiga, ingawa vitu hivyo viwili vilikuja kukutana mikononi mwa watu baada ya miaka mingi.

Ndiyo maana moja ya kamera mashuhuri za kundi hili haikutoka kwa watengenezaji wa saa wala wa darubini. Photax ilitengenezwa na kampuni ya MIOM ya Vitry-sur-Seine, karibu na Paris, ambayo kazi yake ilikuwa vihami vya umeme na vitu vya kumimina katika kalibu. Aina yake iliyopendwa zaidi baada ya vita iliitwa Blindé, yaani yenye deraya, kwa kuwa lenzi yake ilikingwa na kifuniko cha bakelaiti. Kabla ya kupiga picha, mtu huizungusha sehemu ya mbele mpaka itoke nje kikamilifu. Akisahau, picha huwa na ukungu.

Huko Lyon, kampuni ya FEX ilitoa Ultra-Fex, ambayo huenda ndiyo inayoonekana zaidi magulioni hadi leo. Nayo ni ya bakelaiti nyeusi, na sehemu yake ya mbele huvutwa nje kama mtoto wa meza. Katika mji huo huo wa Lyon ndipo palipokuwa na kampuni ya ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walioonyesha sinema yao mwaka 1895 na kuuza sahani za picha za rangi kuanzia mwaka 1907. Kampuni yao nayo haikuona aibu kutengeneza visanduku vya watu wa kawaida, kama vile Lumibox na Scout-Box. Kodak-Pathé ya Vincennes ilitoa vyake. Hata kampuni ya SEM, iliyojulikana kwa kamera za Semflex zilizotumiwa na wapiga picha wa kazi, ilitengeneza aina nyepesi kwa wanaojifunza na kuiita Joie de Vivre, maana yake furaha ya maisha. Jina hilo peke yake linatueleza wateja walikuwa nani na walitafuta nini.

Kwa nini kitu duni kilifanya kazi njema

Msomaji anaweza kuuliza: kioo kimoja cha bei ndogo kitatoaje picha ya kutazamika? Jibu linaanzia mbali. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake nyingi Cairo katika karne ya kumi na moja, alieleza jinsi mwanga unaopita katika tundu dogo na kuingia mahali penye giza unavyoichora sura ya jua lililopatwa. Kamera zote ni chumba hicho cha giza kilichopunguzwa. Lenzi huongeza mwanga na kuinyoosha sura, lakini kiini cha mambo ni tundu dogo na giza. Tundu likiwa dogo, vitu vya karibu na vya mbali huonekana vyote kwa uwazi wa kutosha. Kwa hiyo visanduku hivi havikuhitaji kupimiwa umbali kwa uangalifu. Mtu alisimama hatua chache kutoka kwa watu wake, akabonyeza.

Sababu ya pili ni ukubwa wa filamu. Photax na Ultra-Fex hutumia filamu ya 620, na kila picha ina ukubwa wa takriban sentimita 6 kwa 9. Kwa ukubwa huo, fundi hakuwa na haja ya kuikuza. Aliilaza negativu juu ya karatasi, akaimulika, na picha ikatoka kwa kipimo kile kile, kinachoenea kiganjani. Kasoro za lenzi huonekana pale picha inapokuzwa. Isipokuzwa, hazina pa kujionyesha. Hii ndiyo hekima iliyokuwa ndani ya vyombo hivi: watengenezaji walijua mteja atafanya nini na picha yake, wakampa kinachotosha kwa kazi hiyo, wala hawakumtoza gharama ya ziada.

Tatu ni jua. Shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga, kilikuwa na kasi mbili au tatu tu, nazo ni za polepole. Kwa hiyo mtumiaji alishauriwa apige mchana wa jua, ashike kamera kwa utulivu, na jua liwe mgongoni mwake. Ushauri huo wa mwisho umeacha alama ambayo kila anayetazama picha za zama hizo huikuta. Mara kwa mara, chini ya picha, juu ya mchanga au majani, kuna kivuli cha mtu aliyeinamisha kichwa. Huyo ndiye baba, au mama, aliyeshika kamera. Hayumo miongoni mwa waliopangwa mstari wakicheka, lakini kivuli chake kimefika miguuni pao.

Aidha, filamu moja ilitoa picha nane tu. Namba ya kila picha ilisomwa kupitia dirisha dogo jekundu mgongoni mwa kamera, na mtu alizungusha filamu kwa mkono mpaka namba inayofuata ionekane. Akisahau kuizungusha, picha mbili ziliangukiana, watoto wakaonekana wamesimama ndani ya ukuta wa kanisa au juu ya mawimbi. Picha nane kwa likizo nzima! Leo mtoto mmoja hupigwa picha nane kabla hajamaliza kikombe cha uji. Tofauti si ya wingi tu. Mwenye nane hupima: nani lazima awemo, wapi, saa ngapi, na je, bibi amefika? Watu waliitwa, wakapangwa, wakanyamaza kidogo. Kupigwa picha lilikuwa tendo la pamoja.

Mwisho wa zama

Neema ile haikudumu. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 uliunda soko la pamoja la nchi sita za Ulaya, na ushuru baina yao ukaanza kushushwa hatua kwa hatua. Kamera za Ujerumani zikaingia kwa urahisi, na za Japani zikafuata. Mwaka 1963 Kodak ikatoa Instamatic, kamera ya plastiki ambayo filamu yake imo ndani ya kasha. Mtu hulitia tu na kufunga mlango. Hapakuwa tena na sababu ya kuhangaika na dirisha jekundu. Katika miaka michache visanduku vya bakelaiti vikapanda juu ya makabati, kisha darini, na hatimaye vikafika gulioni wenye nyumba walipofariki.

Kwa anayetaka kukusanya

Jambo la kwanza la kufurahisha ni bei. Photax au Ultra-Fex iliyo nzima mara nyingi hupatikana kwa euro 30 au pungufu. Lakini urahisi wa bei ni mtego vilevile. Mtu huanza na moja, akajaza rafu, akajaza chumba, na mwisho wake hajui alichonacho na watu wa nyumbani wamechoka. Tunaona ni bora mtu awe na kamera tatu anazozifahamu na kuzitumia kuliko thelathini zinazokula vumbi.

Kabla ya kununua, ishike kamera karibu na mwanga uitazame pembe kwa pembe. Bakelaiti haipindi, ikianguka hupasuka, na ufa ukishaingia huruhusu mwanga kuharibu filamu. Bonyeza shata mara kadhaa usikilize kama inafunguka na kufunga bila kukwama. Tazama lenzi kama ina nyuzi za ukungu ndani yake. Kisha fungua mgongo, kwa sharti tutakalolieleza hapa chini, uangalie kama spuli tupu ya kukunjia filamu imo. Kigurudumu hicho kidogo cha chuma wengi hukipuuza, nacho ndicho roho ya kamera. Kodak ilisimamisha utengenezaji wa filamu ya 620 mwaka 1995. Filamu ya 120, ambayo bado inauzwa, ina upana ule ule, isipokuwa spuli yake ni nene zaidi. Wenye ujuzi huihamisha filamu hiyo ndani ya giza totoro, wakaikunja upya juu ya spuli ya 620. Asiye na spuli mbili, moja ya kutolea na moja ya kupokelea, ana pambo tu.

Katika kuisafisha, kitambaa laini chenye unyevu mdogo kinatosha. Usiiloweke, wala usiisugue kwa kitu kikali, kwani ule mng'ao wa juu ukiondoka haurudi. Kifuko chake cha ngozi kitunzwe mbali na kamera, maana ngozi kuukuu huvuta unyevu na ukungu, na ukungu huo huhamia katika lenzi.

Filamu iliyosahauliwa

Sasa tulieleze sharti tulilolitaja. Kabla ya kufungua kamera yoyote kuukuu, zungusha kwanza kitufe cha filamu na uchungulie dirisha jekundu. Ukihisi kitu kinavuta, au ukiona karatasi yenye namba, usiifungue kwenye mwanga. Huenda ndani yake mna filamu ambayo mwenyewe hakuimaliza au hakuipeleka kusafishwa. Filamu za nyeusi na nyeupe zimewahi kukaa miongo mingi na bado zikatoa sura, hafifu lakini zinazotambulika. Sekunde chache za jua zitafuta kile ambacho miaka sitini haikukifuta. Ipelekwe kwa mtu ajuaye kusafisha filamu za zamani, naye aambiwe ilikotoka.

Hapa tunalifikia lile swali letu la mwanzo. Katika masoko ya vitu vikuukuu ya Ufaransa, kando ya kamera hizi, huuzwa pia picha zenyewe, zimemwagwa katika visanduku, kila moja kwa senti chache. Watoto ufukweni, mzee na baiskeli yake, wasichana wawili wameshikana mikono mbele ya mlango. Nyingi hazina maandishi nyuma. Hazikuibiwa wala hazikupotea barabarani. Zilitoka katika nyumba zao baada ya mtu wa mwisho aliyewajua waliomo kuondoka duniani. Kamera ilifanya kazi yake. Karatasi ilidumu. Kilichokosekana ni kalamu, na dakika moja ya mtu aliyekuwa hai.

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nayo ni mali, na daftari lake ni jina, mahali na mwaka.

Mfano mwema upo Bièvres kwenyewe. Jean Fage na mwanawe André walikusanya kamera na picha, baba na mwana pamoja, na mkusanyo wao ndio uliozaa makumbusho ya picha ya Kifaransa katika mji huo. Thamani ya kazi ya namna hiyo haimo katika wingi wa vyombo. Imo katika kujua kila kimoja kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, na kilikuwa cha watu gani. Mkusanyaji wa kamera za bei nafuu anaweza kufanya vivyo hivyo bila ya makumbusho. Anaponunua, amuulize muuzaji: ilikuwa ya nani? Kuna picha zake? Aandike jibu kwenye kadi ndogo na kuifunga kwa uzi kwenye kamera. Akikuta picha pamoja na kamera, asizitenganishe.

Na kwa sisi ambao hatukusanyi kamera, fundisho ni lile lile. Simu zetu zinabeba maelfu ya picha, na huenda hata moja haina jina. Albamu za wazee wetu bado zipo kabatini, na baadhi ya wanaowatambua waliomo bado wapo barazani. Jioni moja baada ya chakula, albamu iletwe, bibi au babu akae katikati, na kijana mwenye mwandiko mzuri ashike penseli laini. Aandike nyuma ya kila picha, taratibu, bila kukandamiza: huyu ni nani, mtoto wa nani, hapa ni wapi. Na pale penye kivuli chini ya picha, aulize pia ni nani aliyekuwa ameshika kamera.